Kinyozi Aliyenyamazisha Stendi

Kinyozi wa mtaani kwetu hakujua kuchomelea. Hakujua waya upi una moto na upi hauna, na balbu ya kibanda chake ikiungua alikuja kunigongea mimi nikaibadilishe, kwa sababu umeme aliuogopa kuliko kitu chochote. Mambo ya spika hakuyasomea popote. Mimi niliyasomea. Nilikaa chuo cha ufundi miaka miwili, na cheti changu kimetundikwa ukutani karakana kwangu hapa Kahama, kwenye fremu yenye kioo. Pamoja na hayo, kwa miaka tisa tuliyofanya kazi tukitenganishwa na ukuta mmoja, mtu mwenye spika inayomsumbua alipita mlangoni kwangu, akanisalimia vizuri, akaenda kumuuliza kinyozi.

Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za rafiki tu. Rafiki alikuwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kuna wivu wa kutaniana, ule wa kumwona mwenzako na shati jipya ukamwambia leo umetoka. Wangu haukuwa huo. Wangu ulikuwa wa kusikia watu wanacheka upande wa pili wa ukuta nikaweka koleo chini, nikatega sikio nisikie kama wananicheka mimi.

Kazi yangu, mpaka leo, ni kutengeneza stendi za spika. Mji wetu unapenda muziki. Baa zinataka spika, kumbi za harusi zinataka, makanisa yanataka, na mchimbaji akipata mawe mazuri kitu cha kwanza ni pikipiki na cha pili ni spika kubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Spika haifai kukaa sakafuni, inapandishwa juu ya stendi. Nachukua bomba la chuma la mraba, nachomelea bamba chini na bamba juu, napiga rangi nyeusi, imekwisha. Shida ni kwamba bomba ni tupu. Muziki ukianza, bomba nalo linaitikia, linalia ngiii chini ya wimbo, na besi inatoka imechafuka. Tena ni jepesi, watu wakicheza karibu linayumba na spika inakuja chini. Kwa hiyo bomba lazima lijazwe kitu, kizito cha kulikalisha na cha kulinyamazisha. Ni kitu gani, hapo ndipo mimi na kinyozi tulipoachana.

Mimi nilijaza mchanga wa mtoni. Kila fundi niliyemjua alijaza mchanga wa mtoni. Kinyozi alianza kuingilia kazi hii kwa bahati mbaya, au niseme kwa bahati mbaya yangu. Mwenye baa mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti chake ananyolewa, analalamika kwamba stendi zangu nimezijaza na bado zinalia. Kinyozi akamwambia alete moja. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akasema, "Mchanga huu una maji. Na umejazwa haraka." Yote mawili yalikuwa kweli. Nilikuwa mlangoni kwangu, nilisikia.

Toka siku hiyo stendi zikawa zangu na sifa zikawa zake. Nachomelea mimi, nasugua mimi, napiga rangi mimi, mteja anazibeba na kuzipeleka hatua kumi upande wa pili zikajazwe. Halafu harusini mtu akisifia sauti, anauliza nani amezijaza. Hakuna aliyewahi kuuliza nani amechomelea.

Alikuwa amenizidi kama miaka kumi na tano, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi mimi ndiye nimwamkie. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi." Neno fundi alilitamka kwa heshima kamili, bila kejeli yoyote, na nilimchukia kwa kukosa kejeli. Angekuwa mtu wa majivuno ningemsema kwa watu, nao wangenielewa.

Hakuwa msemaji. Kibanda cha kinyozi kwa kawaida ni mahali pa maneno, mpira, siasa, nani kahama na nani kafumaniwa. Chake kilikuwa hivyo pia, ila wasemaji walikuwa wateja. Yeye alinyoa na kuguna. Redio yake ndogo ilipiga kwa sauti ya chini mno hata ilibidi usogee. Mtu aliyewasaidia watu wa mji mzima kupiga muziki kwa kishindo, yeye mwenyewe kelele hakuzipenda. Na kuimba hakujua hata kidogo. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akifungua mdomo watoto waligeuka. Mke wangu, ambaye kwa kila jambo alikuwa upande wake, alisema Mungu alimnyima koo akamzidishia masikio.

Masikio hayo nayakubali. Siku moja nilikuwa najaza bomba karakana kwangu, nikaligonga kujaribu. Sauti yake ikatoka ng'ambo ya ukuta, taratibu, "Fundi, hilo limefika nusu, kuna pengo katikati." Nilichungulia kwa tochi. Pengo lilikuwepo. Nilijifanya sikumsikia, nikasubiri aende kula ndipo nikalishindilia.

Chini ya benchi la wateja alikuwa na makopo ya rangi yaliyopangwa, kila moja na kitu chake. Mchanga wa mto. Mchanga huohuo uliokaangwa. Ule mchanga mweusi mzito unaobaki kwenye karai dhahabu ikishaoshwa. Matofali ya kuchoma yaliyotwangwa. Pumba za mpunga, maranda ya mbao. Alijaribu kimoja baada ya kingine kwenye kipande kimoja cha bomba alichoniomba nikampa, na kila jaribio alikigonga akafumba macho. Mchanga aliukaanga kwenye sufuria la nyumbani mpaka usishike tena mkononi. Mkewe alikuja kulalamika mbele ya wateja kwamba ugali wa nyumba ile sasa unatafunwa kwa sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, na kesho yake akakaanga tena.

Mimi niliamini katika uzito. Kilicho kizito zaidi, ndicho. Nilitafuta mchanga mweusi nikajaza stendi mbili ambazo wanaume wawili walizinyanyua kwa shida, nikamwita aje aone, nikitaka kwa mara moja anisifu. Aligonga, akaguna. "Hii haitaanguka," akasema.

"Na kulia?"

"Inalia. Kwa sauti nene." Halafu akanieleza, bila kuombwa na bila kuficha chochote, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya siri ya kazi. "Uzito unazuia kuanguka, fundi. Kunyamaza ni habari nyingine. Sauti unaipa barabara mbovu. Punje zisuguane, ipite hapa inakwaruzwa, pale inakwaruzwa, ikifika mwisho imechoka. Ukiweka kitu kimoja kilichokazana, umeitandikia lami." Na alikuwa na usemi wake ambao wateja waliuchukua wakawa wanauzungusha mjini, kwamba stendi haijaalikwa kuimba.

Ningeweza kujifunza. Badala yake nilikwenda kushindana. Nilijaza mbegu za pamba, kwa kufikiri kwamba zina mafuta na manyoyamanyoya, na ni kitu ambacho yeye hakuwa nacho kwenye makopo. Siku za kwanza zilinyamaza vizuri, nikatembea kifua mbele. Masika yalipoanza zikavuta unyevu, zikachacha ndani ya bomba. Mwenye ukumbi akaniita akidhani panya kafia chini ya jukwaa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mteja mmoja wa upande wa Geita, mwenye duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, alitaka stendi haraka, nikazijaza mchanga niliouchukua kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, ule ambao umeshaoshwa mara moja na wenyewe wanauita marudio. Kwenye mazungumzo nikamwambia umetoka wapi, nikijisifia uzito wake. Baada ya wiki mbili zikarudi zimekatwa chini kwa msumeno, tupu kabisa. Alikuwa ameupeleka mchanga wote kuuosha tena. Hakupata kitu, akanilaumu mimi. Kinyozi alipoelezwa, ndiyo mara pekee nilimwona akicheka mpaka akazima mashine. Akasema mchimbaji hapewi mchanga, anapewa matofali yaliyotwangwa. Akazijaza, na yule bwana akawa mteja wake, akawa anakuja kutoka kule hata kunyolewa.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Nikirudi nimenuna, mke wangu aliniuliza kuna nini, nikimwambia stendi fulani inanisumbua, alisema palepale, "Baba Kulwa, si ukamuulize kinyozi?" Alisema hivyo bila ubaya. Lakini niliwahi kuacha chakula mezani nikatoka nje nikasimama uani, mtu mzima, kwa sababu ya sentensi hiyo. Yeye alibaki mlangoni akinitazama, hajui amekosa nini.

Sasa nifike kwenye manyoya.

Mchanga uliokaangwa, hata ukiwa mzuri, una tabia ya kushuka. Unatikiswa mwaka mzima na muziki, unajikaza, mwisho unakuwa kitu kimoja kama jiwe na bomba linaanza kulia upya. Kinyozi alilihangaikia hili muda mrefu. Alitaka kitu cha kuweka katikati ya mchanga kiuachanishe, kisichooza, kisichoshika maji kwa urahisi. Jibu alilipata machinjioni. Aliniomba nimtengenezee mashine yake ya zamani ya kunyolea iliyokuwa imekufa, nikaitengeneza, na asubuhi moja akanichukua twende naye. Wachinjaji walikuwa wametandika ngozi za kondoo. Akaichagua nyeusi, akapiga magoti, mimi nikaishika kwa pembe mbili isisogee, naye akainyoa. Kinyozi aliyenyoa wazee wa kanisa na mabwana harusi alikuwa ananyoa ngozi ya kondoo kwa uangalifu uleule, anapuliza, anarudia kandokando. Wachinjaji walimuuliza kama kondoo anataka kubakishiwa mbele. Tulicheka wote. Ile asubuhi nilimpenda, nakiri, na tuliporudi tumebeba mfuko wa manyoya alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, fundi," kama ninavyoshukuriwa na watu wa nyumbani.

Aliyafua kwa sabuni, akayaanika siku tatu, akayajaza kwenye stendi nne za kwaya ya kanisa letu. Tabaka la mchanga, tabaka jembamba la manyoya, tena mchanga. Zilinyamaza kiasi kwamba mwalimu wa kwaya aliziwekea mkono wakati wa wimbo akasema haamini kama zimeguswa na sauti. Jumapili hiyo mchungaji alimtaja kinyozi mbele ya waumini wote, akasimamishwa, akapigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimekaa benchi moja naye. Nilipiga makofi nikiangalia chini.

Mwaka ulipita na miezi. Jumamosi moja mchana, wakati wa mazoezi, nikaitwa kanisani. Stendi mojawapo ilikuwa inamwaga mchanga kwenye sakafu. Nilipoilaza nikaona mara moja tatizo. Chomeleo la bamba la chini lilikuwa limeachia. Langu. Siku ile nilikuwa nalichomelea nina haraka na nina hasira, nikijua kazi inakwenda kumpa sifa mtu mwingine, na moto haukuingia sawasawa. Nikalibandua bamba niweze kulirudia upya, mchanga ukamwagika, na pamoja na mchanga yakatoka mafungu meusi, mafupi, yaliyokatwa kwa mashine.

Wanakwaya walisogea. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliinama akaokota fungu, akalitupa haraka.

"Nywele hizo," akasema. "Nywele za watu. Si kinyozi ndiye aliyejaza?"

Huku kwetu sina haja ya kueleza zaidi. Nywele zako hazilali ovyo, na zikiwa mikononi mwa mtu, nawe umo mikononi mwake. Wapo waliozoea kuondoka na zao, wengine walimwamini azichome. Pale kanisani kila mwanamume alikuwa amenyolewa na yule mzee, na kila mama alikuwa amempelekea watoto. Niliona mikono ikipanda kwenye vichwa.

Mwalimu wa kwaya akanigeukia. "Fundi, wewe unajua. Hiki ni kitu gani?"

Nilijua. Nilikuwa nimeishika ile ngozi kwa mikono miwili. Sentensi moja ingetosha, manyoya ya kondoo, nilikuwepo. Lakini kama ningeisema, swali linalofuata lingekuwa kwa nini stendi imepasuka, na jibu lake lilikuwa mimi. Na pale chini kabisa, chini ya hofu hiyo, palikuwa na kitu kingine ambacho nakiandika kwa aibu: nilifurahi. Miaka yote ile, kwa mara ya kwanza, jina lake lilitajwa na hakuna aliyetabasamu.

Nikasema, "Mimi nachomelea tu. Vya ndani muulizeni mwenyewe."

Hakuna uongo hata mmoja humo. Nimeichunguza mara nyingi, hakuna.

Stendi zote nne zilitolewa nje, zikamwagwa, na manyoya yakachomwa nyuma ya kanisa. Harufu ilikuwa ya kitu chochote chenye manyoya kikiungua, lakini watu walipeana macho. Wiki iliyofuata kiti cha kinyozi kilikaa kitupu. Hakuna aliyemtukana wala kumrushia neno. Walipita wakamsalimia vizuri, kama walivyozoea kunisalimia mimi, wakaenda kunyolewa kwingine. Kina mama waliwashika watoto mkono wakavuka barabara.

Wazee wa kanisa, ambao walikuwa watu wa haki, walimwita Jumanne aeleze. Jumatatu jioni alikuja karakana kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Fundi, kesho saa nne utakuja kwa wazee?"

"Kesho nina kazi Kolandoto, mzee."

"Kolandoto."

"Wameniita toka wiki iliyopita."

Akatikisa kichwa kukubali. "Sawa. Ukiwahi kurudi basi."

Sikuwa na kazi yoyote Kolandoto. Lakini nilikuwa nimeshamwambia hata mke wangu, ikabidi niende kweli. Nilipanda basi alfajiri nikashukia pale, nikakaa nje ya hospitali pamoja na watu waliokuja kuona wagonjwa, nikanunua karanga. Sikuwa na pa kwenda kwingine palipokuwa na benchi. Kama saa sita mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, amepakata chungu cha uji, aliniuliza mgonjwa wangu ni nani. Nikamwambia ni jirani yangu. Akasema pole, atapona.

Nilirudi jua limezama. Mke wangu aliniambia kinyozi alieleza, wazee wakauliza nani aliona, naye hakuwa na mtu. Kabla mwezi haujaisha alikodi gari dogo akapakia kiti, kioo na yale makopo. Nilitoka kumsaidia kubeba kioo. Alinishukuru. Kibanda kile sasa kinauza vocha na vifuniko vya simu.

Msomaji anaweza kudhani nilibaki na wateja wote. Sikubaki nao. Watu walianza kuogopa kitu chochote chenye ndani yake pasipoonekana. Wakanunua zile stendi za miguu mitatu za dukani, nyepesi, na mji mzima ukawa unalia ngiii, nami nikawa natengeneza mageti. Mke wangu hakuniambia tena nikamuulize kinyozi. Nilidhani ningeufurahia ukimya huo.

Miaka mitatu baadaye nilipata kazi ya siku mbili Katoro, ukumbi mpya, mwenyewe akanielekeza mtu wa kuonana naye kuhusu stendi. Hakutaja jina hasa. Alisema, kamwone babu kinyozi, karibu na stoo za mahindi. Nilijua ni nani, na nilikwenda.

Alikuwa amevaa miwani. Mikono ilikuwa ileile. Mteja aliyekuwa mbele yangu alipomaliza, kinyozi alifagia nywele zake zote, akazitia kwenye mfuko mdogo wa kaki, akaukunja mdomo akamkabidhi. Yule kijana akautia mfukoni na kuondoka bila kushangaa, kumbe ni kawaida. Kwenye msumari ukutani kulikuwa na fungu la mifuko hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Kaa." Akanifunga kitambaa shingoni. "Huku kila mtu anaondoka na zake," akasema, kwa kuwa aliniona ninavyoitazama ile mifuko.

Akawasha mashine. Nilimwacha afike nyuma ya sikio, ambako hanioni usoni ila kwenye kioo, nikafumba macho nisimwone nami.

"Mzee, yale manyoya. Nilijua ni ya kondoo."

"Ulikuwa umeshika ngozi," akasema. Mashine iliendelea.

"Waliponiuliza sikuwaambia. Na stendi ilipasuka kwa sababu ya chomeleo langu. Na siku ile Kolandoto sikuwa na kazi."

Akazima mashine. Nilifumbua macho. Kwenye kioo alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa na ule upole niliouzoea.

"Niliwaambia wazee fundi anakuja," akasema. "Saa nne nikawaambia. Saa sita nikawaambia tena, labda gari limechelewa. Saa saba mzee mmoja akanishika bega, akasema, baba, nenda nyumbani ukapumzike."

Nilianza kuomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, akanikatiza.

"Sasa mimi unaniambia ili iweje? Manyoya niliyanyoa mwenyewe. Mimi sikuwahi kuyatilia shaka hata siku moja. Wenye shaka wako Kahama, na kwao hukwenda." Akawasha mashine. "Inamisha kichwa."

Akanimalizia vizuri, bila kukwaruza popote. Wakati ananipangusa, mtu mmoja alichungulia mlangoni kumwambia kwamba ile stendi imetulia kabisa, tena mke wake anashukuru. Na mimi, niliyekuwa nimetoka kukiri muda huohuo, nilisikia wivu umenishika kama siku za zamani. Nilishangaa jinsi ulivyokuwa mzima. Kinyozi akafagia nywele zangu, akazitia kwenye mfuko wa kaki, akanipa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Niliomba nafasi kati ya wimbo na wimbo. Niliwaambia yote, ngozi, mashine, chomeleo, benchi la Kolandoto. Yule mama wa sauti ya kwanza alikaa chini. Mwalimu wa kwaya akaniomba namba ya kinyozi, akampigia palepale mbele ya wote na kuweka sauti ya nje. Alimwomba radhi kwa niaba ya kanisa, akamwambia stendi nne bado ziko stoo, arudi azijaze, arudi hata akae, kibanda watamtafutia.

Upande wa pili nilisikia mashine yake ikizimwa.

"Nashukuru mmenisafisha," kinyozi akasema. "Nawasamehe. Lakini kurudi, hapana. Huku kuna mtu yuko kwenye kiti, nimefika nusu." Akaaga vizuri, akakata.

Mwalimu wa kwaya akarudisha simu mfukoni. Watu wote waliokuwa mle ndani wakanigeukia mimi.

"Basi, fundi," akasema. "Zile stendi tujaze nini?"

Kwa miaka tisa nilitaka mtu aniulize swali hilo kabla ya kumuuliza mwingine yeyote. Nikawaambia ni mchanga uliokaangwa na manyoya ya kondoo, tabaka kwa tabaka. Waliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo, nilifundishwa.